Wimbo wa Saa Kumi na Mbili

Wilai aliuachia mkono wa mama yake kwa muda wa kukata tiketi tu, na mama, ambaye siku hizi husahau hata jina la mtaa wao, akamezwa na umati wa kituo cha chini ya ardhi.

“Dada, utampatia wapi saa hizi?” mlinzi alimwuliza. “Bangkok nzima inarudi nyumbani. Watu ni kama siafu!”

Wilai alishuka hadi jukwaani akipenya katikati ya mabega ya watu. Treni ilikuwa inaingia. Mama akipanda, basi tena.

Ndipo vipaza sauti vikaanza kupiga wimbo wa taifa, kama ilivyo kila jioni itimiapo saa kumi na mbili. Watu wote wakasimama wima, mikono ubavuni. Wilai naye akasimama. Mwili wake ulizoea hivyo tangu darasa la kwanza.

Kati ya mamia waliotulia, kitu kimoja tu kilikuwa kikienda: kichwa cheupe, nywele zimebanwa kwa kitana chekundu cha plastiki, kikielekea taratibu kwenye milango ya treni iliyokuwa wazi.

Kwa mara ya kwanza maishani mwake, Wilai alikimbia huku wimbo ukiwa bado unapigwa.

“We dada, huna adabu?” mtu alimfokea bila kugeuza shingo.

Aliukamata mkono wa mama yake, mkavu na wenye joto, akaubana kifuani.

“Umechelewa, mwanangu,” mama alisema, akiwatazama watu wote waliosimama. “Ona, nimewaomba wakusubiri.”