Jina la Masudi

Siku hizo mwanamume hakuruhusiwa kuitwa jina la mwanamume mwingine aliye hai. Mzee Masudi, aliyetunzwa miaka tisa nyumbani kwa mwanawe mkubwa, Shaame, alipoamua kulivua jina lake, Shaame aliamini litamwendea kichanga chake. Lakini mzee akalitoa kwa mtoto wa Ngwali, mdogo wake Shaame.

"Kwa nini, baba?"

"Masudi maana yake ni mwenye bahati. Wewe bahati unayo, mwanangu. Mdogo wako hana."

Shaame akamgeuzia mgongo. Jioni mzee alirudi kutoka msikitini, na mlango, uliomfungukia mwenye jina tu, haukumtambua. Akabisha.

"Baba yuko nje," mkewe Shaame alisema.

"Anaitwa nani?" Shaame akauliza, bila kunyanyuka kitini.