Malkia wa Juu ya Kabati

Sheria ilikuwa moja kwa kila nyumba: mlango haufunguki asubuhi mpaka wote waliolala humo waliamkie sanamu la mtawala wao. Jirani zao walipewa mfalme mwenye ndevu. Siwema na bintiye Tunu walipewa malkia wa Ulaya wa marumaru, kichwa na mabega tu, akawekwa sebuleni juu ya kabati la vyombo.

"Shikamoo, Malkia," Tunu alisema asubuhi ile, mkoba mgongoni.

"Marahaba," sanamu likajibu, na komeo likalegea nusu. Ikabaki zamu ya mama.

Siwema alikuwa akimtazama mwanawe, aliyempita jikoni kama hakumwona.

"Mimi umeniamkia?"

"Wewe hufungui mlango, mama."

Siwema akavuta kiti, akaketi mbele ya sanamu bila kuliamkia.

"Mama, nitachelewa shule."

"Chelewa. Anayeingia nyumbani kwa watu ndiye anayesalimu. Mimi nilikuwepo hapa, yeye kaletwa."

Adhuhuri ikapita, mlango bado umefungwa. Tunu alilia, akanyamaza, mwishowe akaja kuegemea goti la mama yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Alasiri, midomo ya marumaru ikatikisika.

"Hodi," sanamu likasema.

Tunu akafungua mdomo kuitikia. Siwema akamziba kwa kiganja kabla hajasema karibu. "Anayebisha hodi anaweza kunyimwa karibu," akanong'ona. Nyuma ya ukuta, kwa jirani, sauti nzito ya mfalme mwenye ndevu nayo ikaanza kupiga hodi.