Kidirisha cha Ngwali

Maabara ilibakiwa na mrija mmoja tu wa kioo, mwembamba kama unywele. Aliyeuandaa ni Ngwali, marehemu mumewe Tausi, aliyeliunguza ganda la kahawia la mrija huo kwa kiberiti na kuacha kidirisha kidogo cha kupitishia mwanga.

Tausi aliuingiza kwenye mashine ya kupimia damu. Mwanga ulipita kwa shida.

"Dada Tausi, majibu ya yule mtoto mgonjwa yanasubiriwa," alisema Radhia, mwenzake. "Kuna nini?"

Tausi akauchungulia kwa lenzi. Kwenye kidirisha palikuwa na utando wa mafuta, alama ya kidole. Kabla ya leo hakuna mwingine aliyeushika mrija huo ila aliyeuandaa. Ngwali, aliyemgombeza kila mtu asipaguse pale, kumbe alipagusa mwenyewe.

"Pamechafuka. Napafuta sasa hivi."

Akachovya pamba kwenye spiriti. Pamba ikamkaukia mkononi akiitazama alama ile ya kidole cha mumewe. Akaichovya tena.