Popote Pale Alipo

Siku hizi mtu maarufu hahojiwi mwenyewe. Anayekwenda studio ni kivuli chake, yaani sura na sauti yake iliyotengenezwa kwa mashine, maana sisi wenyewe tunasahau majina na kukohoa hewani. Mimi ndiye Nyavu Kavu, kipa aliyedaka penalti kwa kisogo. Asiyeamini, shauri yake.

Jumapili ilipofika zamu yangu, nilikaa sebuleni na mke wangu, Mwajabu, tukakitazama kivuli changu kikihojiwa. Kiliposimulia ile penalti, Mwajabu alicheka hadi kanga ikamdondoka. Hadithi hiyohiyo nikiisimulia mimi, huniuliza kama nimekunywa dawa.

Mwishoni mtangazaji akauliza, "Haya mzee wetu, nani ungependa kumsalimu?"

"Namsalimu mke wangu Mwajabu, kidani changu, popote pale alipo."

"Popote wapi?" nikafoka. "Si huyu hapa ubavuni kwangu!"

"Hebu nyamaza, tusikie!" Machozi yalikuwa yakimlengalenga. "Kidani! Baba Rehani, wewe mara ya mwisho kuniita hivyo ni lini?"

"Sasa huyo si ndiye mimi?"

"Basi niite."

Nikasafisha koo, nikamshika mkono kama siku za uchumba wetu. "Kidani changu," nikasema, na kikohozi kikafuata.

Mwajabu akanipigapiga goti kwa huruma.

"Si haba, Baba Rehani," akasema. "Umejitahidi kumwigiza."

Kisha akaongeza sauti ya televisheni.