Ubavu Mwekundu

Walinzi wa sungusungu walipoingia uani, ubavu mmoja wa boti ulikuwa umeshakuwa mweupe na wa pili ulikuwa bado mwekundu.

Maduhu alikuwa ameinama na bamba la kukwangulia mkononi. Alitamani ardhi ipasuke immeze, lakini ardhi ya Geita huwapasukia wenye baruti tu, kwa hiyo akajifuta jasho na kuwasalimia.

"Mwangaluka, bhabha."

"Mwangaluka," akaitikia Jilala, kamanda wao, filimbi shingoni na fimbo mkononi. Nyuma yake walijipanga vijana waliochoka kutembea, na nyuma ya vijana alisimama Edson, mvuvi aliyeibiwa boti yake mwaloni, kule ziwani. Boti ya faiba, ndogo, yenye tumbo jekundu.

Na boti yenyewe ndiyo hiyo. Maduhu aliiiba, akaipakia kwenye lori na kuifunika kwa magunia ya mashudu ya pamba, akaileta huku kwenye makarasha ya kusaga mawe ya dhahabu, mbali na ziwa, mahali ambapo mtu hatarajii kukuta boti. Ulikuwa wizi wake wa kwanza maishani na alikuwa ameshauchukia. Usingizi haukuja, ugali haukupita. Alichobakiza ni kukwangua ile rangi yote ya chini, apake bluu, auze, asahau. Ndani hakuwa amegusa, maana tangazo la wizi lilisema tumbo jekundu.

Maduhu aliwajua sungusungu. Mwizi wa ng'ombe waliyemkamata kabla ya mavuno mpaka leo alikuwa anakula amesimama.

"Boti ya nani hii?" Jilala akauliza.

"Ya mteja wa Songwa, kule Kishapu. Anaipeleka bwawani."

"Mbona unaichubua?"

"Rangi hii ni ya ziwani, kamanda, ina sumu. Inazuia ukoga na konokono wasing'ang'anie chini. Sasa bwawani ng'ombe wanakunywa. Mteja amesema itoke yote."

Hilo la sumu lilikuwa kweli, na Maduhu akisema kweli aliweza kumtazama mtu usoni. Jilala, aliyewapenda ng'ombe wake kuliko wakwe zake, alitikisa kichwa kwa heshima.

"Huyo mteja ana akili," akasema. "Edson, njoo uitazame."

Edson akaja polepole. Akaizunguka boti iliyolala kifudifudi juu ya mapipa. Akapitisha kiganja kwenye ubavu mwekundu, akachuchumaa, akaugonga mkuku, ule uti wa boti, kwa kidole. Kila kidole kilipogonga, moyo wa Maduhu uliitikia. Aliogopa, na aliogopa kwamba woga wake unaonekana, kwa hiyo akashika msasa na kuanza kusugua pahali ambapo palikuwa safi tayari.

"Ametusikitisha sana huyu," Jilala akamnong'oneza. "Kanisa limemchangia boti nyingine, kubwa kuliko iliyoibwa, na injini mpya. Jumapili padri anaibariki. Lakini tumekubaliana, ya zamani ikipatikana, hiyo mpya wanachukua wajane wa mwaloni. Kwa hiyo tunatafuta kwa nguvu zote. Wajane hao ndio wanaotupikia tukiwa doria."

"Ni jambo jema," akasema Maduhu, akizidi kusugua.

Edson akasimama, akakung'uta mikono.

"Si yenyewe. Yangu ilikuwa pana."

"Tuipindue basi tuone na ndani," Jilala akawaambia vijana.

Vijana wakaitazama boti.

"Kamanda, tutawachosha watoto wa watu bure," Edson akasema. "Nimevua nayo miaka yote, nishindwe kulijua tumbo lake?"

Vijana, ambao miguu iliwauma, wakaona Edson ni mtu wa busara sana.

Maduhu nusura acheke. Kumbe ni hivyo! Mvuvi huiona boti yake ikiwa majini. Ukishaipindua na kuikwangua nusu, inakuwa mgeni kwake. Furaha ikampanda, na mara baada ya furaha ikaja huruma, na huruma ikaleta aibu. Kati ya watu wote wa ukanda ule, yeye alikuwa amemwibia mpole asiyeitambua hata mali yake akiwa ameishika. Akajiapia kimoyomoyo kwamba akishaiuza hii hataiba tena, na kiapo kilimtoka rohoni kabisa.

"Wabheja, fundi," akashukuru Jilala. "Ukiona boti yenye tumbo jekundu, piga yowe."

"Nitapiga, kamanda."

Filimbi ikalia. Wakatoka mmoja mmoja kuelekea ua wa jirani, fimbo zikigongana.

Edson hakutoka. Alisimama kando ya boti, mgongo wake ukiwa umeelekea lango, akasubiri hadi sauti ya Jilala ikasikika ng'ambo ya ukuta akisalimia watu wengine. Ndipo akasogea. Bamba likamponyoka Maduhu na kuanguka.

"Shikamoo," akasema Maduhu, ingawa walikuwa rika moja.

"Marahaba." Edson akainama, akaliokota bamba, akamrudishia mkononi. "Ukiipindua, tazama chini ya ubao wa mbele wa kukalia. Nililichonga jina la binti yangu kwa msumari. Lifute kabla ya Jumapili."

Kisha akawakimbilia wenzake, akiwapigia kelele kwamba wasilegee, kwani mwizi hawezi kuwa mbali.