Simu Mbili Tu

"Nifungulie nione ndani yake," Feza alisema. "Kama haifunguki, siiweki."

Déo, fundi wa simu pale Kabambare, alicheka. Wateja wake huuliza bei, si matumbo ya programu.

Lakini Feza alikuwa na sababu. Kule Kasongo mumewe Kamaldine ndiye aliyemwekea ile programu ya ujumbe ya mwanzo, na kila jioni alimsomea maneno aliyowaandikia watu, moja moja, huku pasi ya makaa ikipata moto. Kidonda cha mwisho cha pasi hakikuwa kimekauka alipotorokea kijiji cha Wamaza, binti yake Soraya mgongoni. Hakumuaga mtu ila mdogo wake, Safia.

"Ile programu ya kufungwa, kampuni peke yake inajua kilicho ndani," Déo alieleza. "Wakikuficha kitu, utajulia wapi? Hii iko wazi, mama. Watu wa dunia yote wanasoma namna ilivyotengenezwa. Wakiona tundu, wanaziba."

"Na mwizi, haisomi?"

"Anaisoma. Lakini ujumbe wako hawezi kuusoma. Unafunguka kwa simu mbili tu: ya kwako na ya mudogo wako."

Feza akaingiza namba ya Safia, akatuma salamu. Jibu likaja kabla hajatoka dukani: "Alhamdulillahi, uko muzima! Kamaldine anakutafuta kama kichaa. Usiambie mutu pahali uko. Hata mimi usiniambie."

Feza akalia palepale, mbele ya wateja.

Tangu hapo alimwandikia kila mtandao uliporudi. Kupiga hakukuwezekana, mtandao wa Wamaza haubebi sauti. Alimweleza usingizi wake, hofu yake, jinsi Soraya alivyoanza kutembea.

Kisha Soraya akashikwa na homa, na dawa Wamaza hazikuwapo.

"Nitatuma dawa na mutu wa pikipiki," Safia akaandika. "Lakini atajuaje kijiji na nyumba?"

Feza alimtazama mtoto akitetemeka. Akaandika: Wamaza, nyumba ya mwisho, nyuma ya shule, mlango wa buluu.

Pikipiki iliponguruma nje, alitoka mbio na Soraya mgongoni. Aliyeshuka alikuwa Kamaldine.

Feza alirudi nyuma mpaka ukutani. "Baba Soraya... Safia umemupiga mpaka akakuambia?"

"Safia?" Kamaldine alinyoosha mikono apewe mtoto. "Safia tulimuzika wiki ileile ulitoroka. Kila neno ulilosoma, ni mimi niliandika kwa simu yake."