Kiti cha Mtoto wa Fundi

Siku hizi injini ya ndege haiidhinishwi mpaka fundi wake ampandishe mtu wa nyumbani kwake. Ndiyo maana mafundi wengi wa Dodoma walichukua watoto yatima. Nyamizi naye alimchukua Mbuke kwa sababu hiyo, ingawa hakupenda tena kuikumbuka.

Asubuhi ile Mbuke alikuwa ameshafunga mkanda ndani ya ndege, huku Nyamizi akipapasa chujio la hewa kwenye mdomo wa injini. Lilikuwa limeziba kwa vumbi. Hewa ingefika ndani ikiwa imepungua shinikizo, na injini ingekunywa mafuta mengi huku ikisukuma kidogo. Kwa joto lile, na ndege ilivyojaa, njia ya kurukia ingewaishia kabla hawajapaa.

“Bosi, tubadilishe chujio,” alimwambia msimamizi.

“Jipya halipo. Idhinisha, abiria wamechoka kungoja.”

“Mwanangu yumo ndani.”

Msimamizi alishangaa kweli. “Nyamizi, si ndiyo kazi uliyomchukulia?”

Nyamizi alipanda ngazi, akamfungua Mbuke mkanda.

“Jamani, shukeni,” aliwaambia abiria. “Injini haina pumzi.”

Wakamtazama tu. Hakuna aliyeinuka.

Chini ya ngazi, yeye na Mbuke walikutana na fundi Lubeleje, aliyeitwa kuidhinisha badala yake. Alikuwa amemshika mkono msichana mdogo aliyevaa gauni jipya. Yatima wawili aliowachukua kabla ya huyu walipanda ndege wasirudi.

“Shikamoo, mama,” mtoto alimwamkia Nyamizi, akaanza kupanda ngazi.

Nyamizi alimvuta Mbuke kando, akampisha msichana.